BARAZA LA MWALIMU: Kona Usiyoiona Mwisho Wake



Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na mjadala wetu juu ya watoto wanaosikia Kiswahili lakini wakajibu kwa Kiingereza. Naomba mniwie radhi. Limezuka jambo katika ukoo wetu ambalo nimeona haifai kulifungia kabatini, na wahusika wenyewe, yaani dada yangu na mwanawe, wameniruhusu kulieleza ili mradi nisitaje jina la mtu. Aidha, nimekuja kugundua kwamba si sisi peke yetu. Tangu nianze kuulizauliza, wazazi watatu wa jamii yetu wameninong'oneza kwamba nao wana kijana "anayepanda".

Mpwa wangu ana umri wa miaka 25. Ana kazi, ana adabu, hakosi sala ya Ijumaa. Kwa muda wa miezi minane alikuwa na pikipiki ambayo mama yake hakuwa na habari nayo. Alikuwa akiiweka katika banda la rafiki yake, pamoja na suti ya ngozi, viatu na helmeti, na kila Jumapili yenye jua akiaga kuwa anakwenda mazoezini. Jumapili moja alirudi na kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Mama aliambiwa kwamba ameteleza kwenye ngazi. Mimi niliambiwa kweli, kwa sababu alihitaji mtu wa kumchukua kwa gari hadi mlimani alikoiacha pikipiki yake. Nami, niliyetumia maisha yangu kuwakemea watoto wa watu kwa kusema uongo, nikanyamaza wiki tatu.

Hilo nitalirudia. Kwanza niwaeleze hiyo pikipiki, maana sisi wazee tukilisikia neno hili tunaiona Vespa. Nami nilikuwa nayo moja Unguja, ya rangi ya maziwa iliyokuwa imeanza kuchubuka, na nilipokuwa nikishuka kilima cha Masingini nikidhani hakuna anayenitazama, nilikuwa nikiiachia. Vijana wetu wa nyumbani wanaona bodaboda. Hii siyo hiyo wala ile. Pikipiki ya mbio yenye injini ya sentimita za ujazo 600 ina nguvu za farasi wapatao 120, na uzito wake hauzidi sana ule wa watu wazima wawili na nusu. Zile za sentimita 1,000 hufikia farasi 200, na gia yake ya kwanza peke yake huipitisha maili 70 kwa saa, mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa katika nchi hii, ilhali gia nyingine tano bado hazijaguswa. Mpandaji hakai kitako kama nilivyokaa mimi; huinama mbele kifua kikielekea tangi, magoti yakilibana.

Na barabara yenyewe ni ile iendayo kutoka Macclesfield hadi Buxton, takriban maili 12, ikipita juu ya milima ya Peak District. Namba yake ni A537, lakini wapandaji wote huiita Cat and Fiddle, kwa jina la nyumba ya ulevi iliyokuwa kileleni, kiasi cha mita 515 juu ya usawa wa bahari. Paka na Fidla! Jina ambalo lingemfurahisha mpiga taarabu yeyote. Baa hiyo ilifungwa mwaka 2015, na baadaye jengo likageuzwa kuwa mahali pa kutengenezea pombe, kwa hiyo sina la kuwasifia. Nitakachosifu ni mandhari. Ukishaacha nyumba za mwisho za Macclesfield barabara huanza kupanda na kujipinda, miti hupungua, na ghafla uko katika nyika ya majani ya kahawia, upepo mtupu na kondoo. Pembeni mwa barabara, mahali pengi, kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Zinapendeza kuziangalia ukiwa ndani ya gari.

Mwaka 2010 ripoti ya taasisi iitwayo Road Safety Foundation iliitaja barabara hii kuwa ya hatari kuliko zote Uingereza, na wengi wa walioumia na kufa pale walikuwa wapanda pikipiki. Mwendo ulishapunguzwa hadi maili 50 kwa saa, na zikawekwa kamera zinazopima mwendo wa wastani, zenye kupiga picha kwa nyuma kwa kuwa pikipiki za hapa hazina namba mbele. Kwa jumla pikipiki ni kama asilimia 1 tu ya safari zote za vyombo barabarani katika nchi hii, lakini katika kila watu watano wanaokufa barabarani, mmoja hivi ni mpanda pikipiki. Na zaidi ya nusu ya hao hawafii mijini kwenye msongamano, bali kwenye barabara za mashamba na milima, siku nzuri, hali ya hewa nzuri.

Tulipofika pale alipoanguka, nilimwambia anioneshe kila kitu tangu mwanzo. Nilikuwa na hasira, lakini mwalimu wa fizikia hata akikasirika hutaka kuona jaribio lilivyofanyika.

Kona ile hupinda kulia. Ukuta wa mawe uko kushoto, nyuma ya ukanda mwembamba wa majani. Aliingia, kwa maneno yake, "kwa hamsini hivi", yaani mwendo ambao kamera haina neno nao. Katikati ya kona aligundua kwamba inazidi kujikaza kuliko alivyodhani. Akauona ukuta. Tangu hapo, anasema, hakuona kitu kingine isipokuwa ukuta. Akaachia mafuta kwa mpigo, akaikamata breki ya mbele, pikipiki iliyokuwa imelala ikainuka wima, ikaacha kupinda na kwenda moja kwa moja kule kule alikokuwa akitazama. Majani yalimwokoa yeye. Pikipiki iliukuta ukuta.

Sasa nivumilieni kwa hesabu kidogo. Pikipiki hukata kona kwa kulala, na kiasi cha kulala hutegemea mambo mawili: ukali wa kona na mwendo. Lakini mwendo huingia mara mbili, yaani hujizidisha wenyewe kwa wenyewe. Chukua kona ambayo ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwa maili 30 kwa saa, pikipiki na mpandaji wake watalala kiasi cha nyuzi 20, jambo la kawaida kabisa. Kwa maili 40, nyuzi 33. Kwa maili 50 hupita nyuzi 45, na kwa kuwa tairi lina upana wake, chombo chenyewe hulala zaidi ya hapo. Mtu ameongeza maili 20 tu juu ya 30, na kona ile ile imekuwa kitu kingine. Tairi zuri lililokwisha pata joto, juu ya lami kavu na safi, linaweza kuhimili. Lakini sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mkono, na lami ya mlimani ina kinyesi cha kondoo, changarawe zilizooshwa na mvua, dizeli iliyomwagika, na unyevu chini ya kila mti ambao jua halijaufikia. Ndiyo maana nasema mtu anaweza kutii kila kibao cha mwendo katika barabara ile na bado akaangamia.

Tulipoiinua pikipiki niliona jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Tairi la nyuma lilikuwa limelika katikati, lakini pembeni, kila upande, palikuwa na ukanda wa upana wa vidole viwili, ukiwa bado unang'aa kama ulivyotoka dukani. Maana yake ni kwamba pikipiki ilikuwa na uwezo wa kulala zaidi na kuimaliza ile kona, ila mwenyewe hakuwa na habari. Kilichomwangusha ni macho yake na mkono wake wa kulia.

Haya yana maelezo yake, na yanafundishwa. Polisi wa pikipiki wa Uingereza wana kanuni moja ambayo ningeiandika ubaoni kila asubuhi: uwe na uwezo wa kusimama ndani ya masafa unayoyaona kuwa ni matupu, katika upande wako wa barabara. Kwa mujibu wa kitabu cha sheria za barabarani, gari linalokwenda maili 30 huhitaji mita 23 kusimama, tangu dereva aone hatari. Kwa maili 40 mita 36. Kwa maili 50 mita 53. Kona ile inakuonesha kiasi cha mita 40, nimezipima kwa hatua zangu. Basi fanyeni hesabu wenyewe.

Kadhalika hufundisha kutazama mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana huko mbele. Ukiona mahali hapo panakukimbia, kona inafunguka. Ukiona pamesimama na wewe unapasogelea, kona inajikaza, punguza mwendo kabla hujaingia, ukiwa bado wima. Na macho yabaki hapo, siyo ukutani, kwa sababu mikono hufuata macho. Wale wenzangu mliojifunza baiskeli ukubwani mnakumbuka ule mnazi mmoja katikati ya uwanja mzima, na jinsi mlivyougonga.

Liko na jambo la ajabu zaidi, ambalo mpwa wangu alikuwa akilifanya bila ya kulijua. Katika mwendo wa kasi, ukitaka pikipiki iende kulia, huuzungushi usukani kulia. Unausukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, na gurudumu la mbele hugeuka kidogo kushoto. Nalo likishatoka chini ya uzito wako, pikipiki huangukia kulia, na hivyo ndivyo inavyolala. Mtu asiyelijua hili, siku ya hofu huvuta pale anapotakiwa kusukuma.

Nilimwuliza nani alimfundisha hayo. Akasema alifaulu mitihani yote ya leseni, ambayo si michache, lakini haikumpeleka milimani. Kilichompeleka milimani ni marafiki, na filamu za mashindano ya kisiwa cha Isle of Man, ambako tangu mwaka 1911 watu wanashindana kuuzunguka mlima katika njia ya maili 37 na robo tatu. Nikamkumbusha kwamba kule barabara hufungwa. Hakuna lori linalokuja upande wa pili, na hata hivyo wamekufa mahodari zaidi ya mia mbili.

Kisha nikamwuliza anapata nini. Sikutarajia jibu la maana. Akasema, "Mjomba, siku tano nakaa mbele ya kompyuta nikiwaza mambo ishirini. Kule juu, kwa dakika ishirini, nawaza jambo moja tu." Nilikuwa nimeandaa mawaidha, yakanikauka mdomoni, maana niliikumbuka Vespa.

Sasa nirudi kwenye kunyamaza kwangu. Dada yangu aliijua habari kutokana na barua ya bima, iliyokuja kwa anwani yake na yeye akaifungua akidhani ni ya gari. Hakupiga kelele. Kwa siku tisa hakunipigia simu, yeye ambaye hunipigia kila baada ya Magharibi kuniuliza kama nimekula. Nilipokwenda kwake kuomba radhi alinitilia chai, akakaa, akasema, "Wewe ulikuwa umejua. Angekufa katika hizo wiki tatu, ungenijia na maneno gani?" Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo.

Nilijaribu kumtuliza kwa lile tuliozoea, kwamba ajali haina kinga. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Nami baadaye nililitazama neno hilo kwa jicho la mwalimu. Ajali tumeitoa katika Kiarabu, ajal, yaani muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Waarabu hawalitumii kwa kugongana kwa magari. Sisi tumelichukua na kulifanya jina la kila kuanguka na kila kugongana, na kwa hivyo kila tunapolitamka tumekwisha kutoa udhuru kabla ya kuuliza swali. Siku ya mtu kufa aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Lakini mwendo wa kuingilia kona aliuchagua mpwa wangu.

Dada yangu akataka kupaona. Tulikwenda watatu Jumamosi moja, yeye amekaa mbele, kijana nyuma na plasta yake mkononi. Njia nzima hakusema neno. Mahali fulani palikuwa na shada la maua lililofungwa kwenye nguzo, likiwa limekauka, na sote tuliliona na hakuna aliyeuliza. Tulipofika tukasimamisha gari mahali pa kuegesha, tukatembea hadi pale kwenye ukuta. Mawe yalikuwa yamekwisha kurudishwa. Kijana akaeleza vizuri, kama nilivyomfunza, mwendo, macho, breki, pikipiki kuinuka na kwenda moja kwa moja. Nilikuwa na fahari kidogo, nakiri.

Dada yangu anaendesha gari kwa miaka thelathini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono akaonesha kona inayofuata, ile inayopinda kushoto. "Na ingekuwa ile?" akauliza.

Kijana hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja na nikaona haya kwamba sikuliona mwenyewe. Sisi hapa tunakwenda kushoto. Ukipotea katika kona ya kulia unatoka kwenye majani na ukuta wako. Ukipotea katika kona ya kushoto, kwa kosa lile lile, macho yale yale na breki ile ile, unavuka mstari wa katikati. Tulikuwa bado tumesimama pale gari dogo likaja kutoka huko, likiendeshwa na mama, na nyuma watoto wawili katika viti vyao. Likapita polepole. Dada yangu hakuongeza neno, na kijana aliliangalia lile gari mpaka likapotea.

Katika kurudi, ndiye aliyeanza kuzungumza. Alisema kwamba kwa miezi minane, kila alipojiambia "nitakufa mimi", alikuwa akidhani huo ni ushujaa.

Sitaki kuwadanganya kwamba pikipiki imeuzwa. Haijauzwa. Dada yangu alitaka iuzwe siku ile ile, nami, mtaniona wa ajabu, nilimshauri asilazimishe. Mtu wa miaka 25 mwenye mshahara wake ataiuza leo na kununua nyingine kesho, naye atairudisha katika banda la rafiki, nasi tutarudi katika gizani tulikotoka. Nilipowauliza wale wazazi watatu niliowataja, wawili walisema wamepiga marufuku na jambo limekwisha. Mmoja wao mwanawe namjua, na nilimwona kwa macho yangu pale kileleni. Sikumwambia baba yake, na baada ya yaliyonipata nadhani nitamwambia.

Lililokubaliwa kwetu ni hivi. Helmeti na suti ya ngozi vimehamishiwa nyumbani, vinaning'inia ukumbini, na dada yangu analalamika kwamba vinanuka na vimemchukulia nafasi ya viatu vya wageni. Akitoka, anasema anakwenda wapi na njia gani, na akifika anapiga simu. Hapandi mlimani pamoja na kundi, kwa sababu katika kundi kila mtu huendesha mwendo wa aliye mbele. Na kabla ya kurudi kule atakwenda kwenye mpango wa polisi uitwao BikeSafe, ambapo askari mwenye uzoefu humfuata mpandaji kwa pikipiki yake, akamtazama anavyoendesha, kisha wakasimama na kuambiana kweli. Mwenye kijana wa namna hii aulize. Upo sehemu nyingi za nchi. Baada ya hapo iko mitihani ya juu zaidi kwa anayetaka.

Dada yangu amesema wazi, na amenitaka niandike, kwamba hajaridhia. Anachotaka ni kujua.

Plasta imetolewa wiki iliyopita. Siku aliyopangiwa na polisi ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na mama yake ameniomba nimpeleke awepo. Nimemweleza kwamba hawatamruhusu kufuata nyuma kwa gari. Amesema hilo analijua, atachukua chupa ya chai na kusubiri pale watakaporudia.

Ya watoto na Kiswahili chao tutayaendeleza katika toleo lijalo, Inshaallah. Barua zenu nimezipata zote.